Msokoto wa meno uliokosa pa kukaa: uchambuzi wa kisa cha Helicoprion

## Kisa kwa ufupi

Jino la papa likiokotwa ufukweni halimsumbui mtu. Lilikuwa mdomoni, likang'oka, likaletwa na maji. Helicoprion, samaki wa kale wa baharini, hakuacha meno ya namna hiyo. Aliacha meno mengi, pengine zaidi ya mia, yote yameshikana kwenye shina moja lililojikunja kama jongoo aliyeguswa: madogo katikati, makubwa ukingoni. Mwili haukuwepo, fuvu halikuwepo. Kuanzia 1899 hadi 2013 wataalamu walibishana juu ya swali ambalo mtoto angeliuliza kwanza: meno haya yalikaa sehemu gani ya mnyama?

Nimekipanga kama kisa cha kufundishia kwa wanaoanza kazi ya visukuku, na kwa walimu wa baiolojia wanaotafuta mfano mmoja mzito wa hoja iliyojengwa juu ya ushahidi nusu. Watafiti ambao kazi zao zimechapishwa nimewataja. Wachimba migodi, watu binafsi waliomiliki mawe, na mwanafunzi mmoja anayejitokeza katikati ya kisa nimewaacha bila majina, na migodi yenyewe sikuitaja.

## Usuli

Yeyote aliyekula papa mkavu wa nazi anajua kuwa huyu si samaki wa kuchambuliwa miiba. Kiunzi chake ni gegedu, tishu laini kuliko mfupa. Papa, taa na jamaa zao wa kina kirefu waitwao kimera wote wako hivyo, na ndiyo sababu wanawatesa wataalamu wa visukuku: samaki gegedu akifa, gegedu huoza upesi na kusambaratika, lakini meno, kwa ugumu wake, hubaki. Jenasi nyingi za kale za kundi hili, yaani makundi ya spishi zinazokaribiana, tunazijua kwa meno peke yake.

Kwa Helicoprion kuna jambo la ziada. Papa wa leo hupoteza meno na kuota mengine maisha yake yote, kwa hiyo sakafu ya bahari imejaa meno ya papa walioendelea na safari zao. Helicoprion hakuyatupa. Jino jipya liliota nyuma, likayasukuma ya zamani mbele kisha chini, na ya zamani zaidi yakaviringika kwenda ndani. Msokoto mmoja, basi, unabeba meno ya mnyama tangu alipokuwa mdogo hadi alipokufa.

Aliishi katika kipindi cha Permi, takribani miaka milioni 290 hadi 270 iliyopita, kabla ya dinosaria wa kwanza. Misokoto yake imepatikana Urusi, Kazakhstan, Uchina, Japani, Australia, Kanada, Mexico na Marekani. Hazina kubwa zaidi imetoka jimbo la Idaho, Marekani, kwenye matabaka ya miamba yaitwayo Phosphoria, ambayo huchimbwa kwa ajili ya fosfeti ya kutengenezea mbolea. Hilo lina maana kubwa katika kisa hiki. Wengi waliokutana na Helicoprion kwa mara ya kwanza hawakuwa wanasayansi. Walikuwa wafanyakazi wa mgodini waliopasua bonge la jiwe na kukuta duara la meno ndani.

## Mambo yalivyofuatana

Mwaka 1886 Henry Woodward, Mwingereza, alieleza kipande cha tao la meno kilichotoka Australia Magharibi. Kilikuwa kipande tu, hakikuonyesha kuwa tao hilo linaendelea kujikunja, kwa hiyo alikiweka katika jenasi iliyokwisha kujulikana na kukiita *Edestus davisii*. Uamuzi wa busara kwa mtu mwenye kipande.

Mwaka 1899 Alexander Karpinsky, mwanajiolojia wa Kirusi ambaye baadaye aliongoza Akademia ya Sayansi ya nchi yake, alipata vielelezo vya Milima ya Ural vilivyoonyesha msokoto mzima. Akaunda jenasi mpya, Helicoprion, na spishi *Helicoprion bessonowi*. Pia alichora mnyama. Katika mchoro wake uliopata umaarufu, msokoto umetokeza mbele ya pua, umepinda kwenda juu, meno yakitazama nje.

Mchoro huo ulifungua mlango wa mabishano. Wengine waliuhamishia msokoto kwenye pezi la mgongoni, wengine kwenye mkia, wengine kwenye taya la chini ukining'inia nje ya mdomo. Mawe yenyewe yalizidi kupatikana, hasa Idaho, na kila msokoto uliotofautiana kidogo na mwingine ulielekea kupewa jina la spishi mpya. Majina yakapita kumi.

Mwaka 1912 Oliver Hay, Mmarekani, alieleza kielelezo cha Edestus, jamaa wa Helicoprion, ambacho kilikuwa na mataya yake. Meno yalikaa kwenye mstari wa kati wa kinywa, juu na chini. Dalili ilikuwa wazi kwamba mambo ya Helicoprion nayo ni ya kinywani, ingawa Edestus ana tao tu, hana msokoto, na tao halikwambii duara zima linatoshea vipi mdomoni.

Kisha linakuja jiwe lililobeba kisa chote. Lilipatikana Idaho mwaka 1950, likafika katika makumbusho ya historia ya asili yaliyo chini ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Idaho, mjini Pocatello. Namba yake ni IMNH 37899, na wataalamu hupenda kuliita "Idaho 4". Msokoto wake una kipenyo cha sentimita 23 na vilele vya meno 117. Tofauti yake na mengine ni kwamba pembeni ya meno yalibaki magegedu. Mtaalamu wa Denmark, Svend Erik Bendix-Almgreen, alilichunguza na mwaka 1966 akachapisha maelezo yake: ingawa magegedu yalikuwa yamebonyea, aliona kwamba msokoto ulikaa taya la chini, pale pande mbili za taya zinapokutana.

Mtu angedhani mjadala umekwisha. Haukwisha. Mwaka 2008 mchoro mwingine uliosimamiwa na wataalamu ulimwonyesha mnyama huyohuyo akiwa na msokoto ndani kabisa, kooni.

Miaka michache baadaye, mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa chuo hichohicho cha Idaho alivutiwa na misokoto iliyohifadhiwa kwenye makumbusho na kuanza kuulizia. Kutokana na hapo kikaundwa kikosi cha utafiti kilichoongozwa na Leif Tapanila. Jiwe likapelekwa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, likapigwa skani ya CT, yaani picha za ndani kwa eksirei, yenye nguvu ya kupenya mwamba. Matokeo yakachapishwa mwaka 2013 katika jarida la Biology Letters.

## Maamuzi na sababu zake

Karpinsky husimuliwa kana kwamba alichora kichekesho. Si haki. Kitu cha kwanza ambacho yeyote anakiona kwenye msokoto ni kwamba upande wa kushoto na wa kulia unafanana. Kiungo cha namna hiyo hakiwezi kukaa shavuni wala ubavuni peke yake. Lazima kikae kwenye mstari wa kati wa mwili. Hoja hii ni safi, na imesimama hadi leo. Tatizo ni kwamba mstari wa kati una sehemu nyingi: ncha ya pua, makutano ya taya, mgongo, mkia. Ulinganifu uliwafuta wagombea wengi, ila haukuweza kuchagua kati ya waliobaki. Hapo Karpinsky akalazimika kuchagua kwa njia nyingine, na kilichowaelekeza yeye na wengi waliomfuata nje ya kinywa ni ugumu wa kufikiri mnyama anavyoweza kutafuna akiwa na gurudumu mdomoni. Ushahidi uliishia kwenye mstari wa kati. Yaliyofuata yalikuwa mawazo ya mchoraji, lakini yote yalichorwa kwa wino uleule.

Uamuzi wa kooni una mantiki yake pia, na ndio ninaoupenda zaidi kuufundisha. Meno ya Helicoprion kwa kawaida hayajachakaa sana. Meno ya mbele ya mdomo, yanayokamata na kukata, yangetarajiwa kuwa na mikwaruzo na mavunjiko. Kama hayana, huenda hayakuwa mbele. Huenda yalikuwa ndani, yakisaidia tu kusukuma chakula. Lakini ushahidi uleule una maelezo ya pili: meno yalikuwa mbele, na windo lilikuwa laini. Jino linalokata ngisi halichakai kama jino linalovunja gamba. Ukitazama meno pekee huwezi kuamua kati ya maelezo hayo mawili, hata uyatazame kwa miaka mia.

Bendix-Almgreen aliamua kuyafuata magegedu badala ya meno. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi uliogeuza kisa, ijapokuwa matunda yake yalichelewa. Alikosa chombo, basi. Aliweza kusoma kile kilichoonekana juu ya uso wa jiwe, na sehemu kubwa ya taya ilikuwa imefunikwa na mwamba. Mtu asiyekubaliana naye angeweza kusema kwamba magegedu yaliyobonyea yamesogea kutoka mahali pake, na hakukuwa na namna rahisi ya kumjibu.

Kikosi cha Tapanila kilifanya maamuzi mawili yanayostahili kutazamwa kwa karibu. La kwanza ni kurudi kwenye jiwe la zamani badala ya kusubiri jipya. Visukuku vipya vina mvuto wake, na ni rahisi kuamini kwamba jibu limo kwenye mwamba ambao haujachimbwa. Kumbe lilikuwa kabatini tangu miaka ya hamsini. La pili ni kualika watu ambao hawakuwa wataalamu wa Helicoprion. Walikuwemo wanaochunguza namna mataya ya papa walio hai yanavyofanya kazi, na walikuwemo wanaowajua kimera. Picha ya skani ikitoka ni mawingu ya kijivu. Anayeweza kusema "hili ni gegedu la mdomo, na hili ni taya la juu" ni yule aliyepasua vichwa vya samaki walio hai mara nyingi.

## Matokeo

Ndani ya jiwe kulikuwa na taya la juu, taya la chini, na gegedu la mdomo lililouzunguka msokoto pembeni. Msokoto ulijaza taya la chini lote, kutoka mbele hadi nyuma. Haukutokeza nje ya pua wala kuning'inia kidevuni. Mduara wenyewe, na meno yote ya zamani ndani yake, ulikuwa umefunikwa na gegedu, ukabaki mfululizo mmoja wa meno makubwa uliojitokeza kinywani kama ubao wenye makali katikati ya ulimi. Gegedu la pembeni liliukaza usiyumbe.

Taya la juu liliungana na fuvu katika sehemu mbili bila kugandamana nalo. Kwa msomaji wa kawaida hilo ni jambo dogo, lakini ndilo lililomhamisha ukoo. Kwa miaka mingi Helicoprion aliitwa papa. Muundo huu wa taya unamweka kwenye tawi la kimera, wale samaki gegedu wenye vichwa vikubwa na mikia myembamba wanaoishi kilindini. Papa ni binamu zake wa mbali.

Mwaka 2015 baadhi ya watafiti haohao walichapisha uchambuzi wa namna taya lilivyofanya kazi. Taya la chini lilipofunga, meno hayakupanda wima tu. Yalikwenda juu na nyuma kwa tao. Ya mbele yalinasa windo na kulivuta ndani, ya katikati yakalichoma na kulikata, ya nyuma yakalisukuma kuelekea kooni. Chombo cha namna hiyo kinafaa kwa nyama laini isiyo na gamba gumu, yaani wanyama wa jamii ya ngisi. Suala la meno yasiyochakaa likapata maelezo yake bila kuyapeleka kooni.

Kulikuwa na kazi nyingine ya mwaka 2013 ambayo haikupigiwa makofi kiasi hicho, nayo ni kusafisha majina. Zile spishi zaidi ya kumi zilipungua hadi tatu: *Helicoprion bessonowi*, *Helicoprion davisii* na *Helicoprion ergassaminon*. Kile kipande cha Woodward kutoka Australia kikawa ndicho kilichotoa jina la spishi ya pili, na jiwe la Idaho lenye namba 37899 likahesabiwa humo.

## Uchambuzi: kilichofaulu na kilichokwama

Nianze na majina, kwa sababu hapo kosa ni la kimbinu kabisa na linarudiwa mpaka leo kwenye makundi mengine. Msokoto hukua. Jino la ishirini la mnyama halifanani na jino la mia la mnyama huyohuyo. Ukichukua kipande chenye meno ya ujanani, ukakilinganisha na kipande chenye meno ya uzeeni, utaona tofauti halisi na utazipa majina, kumbe umempa mtu mmoja vyeti viwili vya kuzaliwa. Uchambuzi wa 2013 ulionyesha kwamba tofauti za kweli kati ya spishi hujitokeza wazi baada ya jino la 85 hivi. Kwa hiyo vipande vingi vilivyopewa majina havikuwa hata na sehemu inayoweza kuamua swali. Mwanafunzi anayepewa kisa hiki aulizwe kwanza: kielelezo chako kina sehemu inayotofautisha, au unatofautisha kwa sehemu inayobadilika na umri?

Hoja ya ulinganifu ilifaulu, na ningependa ipewe heshima yake. Kasoro ilikuwa kutoonyesha mahali inapoishia. Mchoro wa 1899 ungekuwa na sehemu mbili, iliyothibitishwa na iliyokisiwa, huenda mabishano yangeelekezwa mapema kwenye kitu kilichokosekana, yaani mataya. Badala yake kila mtu alijibu mchoro kwa mchoro. Pezi dhidi ya pua, mkia dhidi ya kidevu. Mabishano ya aina hiyo yanaweza kuendelea bila ushahidi mpya hata mmoja kuingia mezani, na ndivyo yalivyoendelea kwa sehemu kubwa ya karne.

Kuhusu Edestus wa 1912, nasita kulaumu. Leo inaonekana wazi kwamba jamaa mwenye meno ya kati kinywani alipaswa kuwa neno la mwisho. Lakini jamaa huyo ana meno juu na chini, na tao lake halijifungi. Aliyetaka kuweka msokoto nje ya mdomo angeweza kumtumia Edestus huyohuyo kama hatua ya kwanza ya kitu kinachozidi kujikunja kwenda nje. Jamaa wa karibu anapunguza uwezekano, hafungi kesi.

Swali ninalolipa muda mrefu zaidi darasani ni hili: kwa nini maelezo ya 1966, ambayo yalikuwa sahihi katika jambo kuu, hayakuzuia mchoro wa kooni miaka 42 baadaye? Jibu rahisi ni kwamba watu hawakusoma. Silikubali. Waliochora walikuwa wataalamu waliozijua kazi zilizotangulia. Nadhani tatizo lilikuwa uzito wa ushahidi kama ulivyowasilishwa. Mtu mmoja, jiwe moja, magegedu yaliyobonyea, na msomaji hana njia ya kuyaona yaliyo chini ya uso wa mwamba. Skani ilileta kitu ambacho maneno hayangeweza kuleta: taya ambalo mtafiti mwingine yeyote anaweza kuligeuza, kulikata na kulipima upya kwenye kompyuta. Jibu la msingi lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mpinzani angeweza kulikagua.

Na skani isingewezekana kama jiwe lingevunjwavunjwa kuyatoa magegedu. Lilibaki zima kwa zaidi ya nusu karne. Wanaosimamia ghala za makumbusho, ambao bajeti zao ndizo za kwanza kukatwa, wachukue aya hii waende nayo kwenye kikao.

Pamoja na sifa zote hizo, udhaifu mmoja wa matokeo ya 2013 lazima utajwe. Mataya tunayoyajua vizuri yametoka kwenye jiwe moja, la mnyama ambaye msokoto wake ni sentimita 23. Ipo misokoto mikubwa kuliko huo kwa mbali. Makadirio ya urefu wa mwili, ambayo kwa wakubwa hufika mita saba au zaidi, yanatokana na kukuza uwiano wa taya hilo na kuukopesha mwili wa jamaa wengine. Uwiano unaweza kubadilika na umri au na spishi. Mtu akinukuu mita hizo bila kueleza zilikotoka, anafanya kilekile kilichofanywa na mchoro wa pua.

Hali ni hiyohiyo kwa mapezi. Hakuna mwili wa Helicoprion uliopatikana. Wachoraji wa sasa humpa umbo jembamba la mwogeleaji wa kasi, pezi moja la mgongoni, bila mapezi ya nyonga, kwa sababu ndivyo walivyo jamaa zake waliohifadhiwa vizuri zaidi, kama Caseodus na Fadenia. Ni ukopaji wenye sababu. Kwenye mabango ya makumbusho, hata hivyo, taya lililoonekana kwenye skani na pezi lililokopwa hupakwa rangi ileile, kwa uhakika uleule.